Jino Lisilouma

Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nikitema povu lenye wekundu kila asubuhi, nikalisukuma kwa maji na kuendelea na siku yangu. Sikulificha wala sikulitafakari. Nilikuwa nimejipa maelezo mawili yaliyonitosha: kwanza, kwamba mswaki wangu ulikuwa mgumu, pili, kwamba fizi zangu zilikuwa laini kwa asili, kama vile watu wengine wanavyozaliwa na ngozi inayochubuka upesi. Nilipobadilisha mswaki na damu ikaendelea kutoka, nilibaki na maelezo ya pili. Lau ningeona damu kiasi hicho hicho ikitoka viganjani kila ninaponawa mikono, ningekwenda hospitali kabla ya juma kwisha.

Nilikulia katika nyumba ambamo daktari wa meno alitajwa kama mtu wa kung'oa tu. Mama alikuwa na kauli yake, nayo aliitoa kwa sauti isiyongoja jibu: jino lisilouma halichokozwi. Kauli hiyo haikukosa mantiki. Yeye mwenyewe alikuwa ameng'olewa magego matatu, na kila mara alifika akiwa amechelewa, kwa hiyo kila mara alichokiona mkononi mwa daktari kilikuwa koleo. Mtu ambaye hajapata kumwona daktari akifanya jambo lingine zaidi ya kung'oa hana sababu ya kumtembelea akiwa mzima. Nami nikairithi kalenda yake, yaani maumivu ndiyo yaliyoniambia siku ya kwenda. Kati ya umri wa miaka 23 na 48 nilikalia kiti cha daktari wa meno mara tatu tu, na mara zote tatu nilifika nikiwa nimeshika shavu.

Mara ya kwanza ilipaswa kunifundisha kitu, lakini somo nilililisoma kinyume. Gego langu la chini upande wa kulia lilikuwa na tundu dogo jeusi ambalo nililijua kwa ncha ya ulimi kabla sijalijua kwa macho. Mwanzoni lilikuwa likishtuka ninapokunywa kitu baridi, kisha linatulia papo hapo. Baada ya miezi kadhaa likaanza kuuma kwa vitu vya moto, na maumivu hayo yakawa yanabaki hata baada ya kumeza. Halafu yakaja maumivu ya usiku, yale yanayopiga sambamba na mapigo ya moyo, ambayo humfanya mtu alale ameketi akiegemea ukuta. Nilimeza vidonge vya kutuliza maumivu kwa siku kumi hivi. Asubuhi moja niliamka nikakuta jino liko kimya kabisa. Nililigonga kwa ukucha, nikanywa maji baridi, nikanywa ya moto, na bado lilikuwa kimya. Nilifurahi kama mtu aliyefutiwa deni.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kimya kile kilikuwa cha kifo. Jino lina tabaka la nje liitwalo enameli, ambalo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini halina chembe hai ndani yake, na kwa sababu hiyo likishatoboka halijijengi upya kama mfupa uliovunjika unavyounga. Chini ya enameli kuna dentini, yenye vijitundu vingi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupitisha habari za baridi na joto hadi ndani. Na katikati kabisa kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wa kinywani hujilisha sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya enameli kidogo kidogo hadi njia ipatikane. Siku niliposhtuliwa na baridi, uozo ulikuwa umekwisha kuingia kwenye dentini. Usiku niliokosa usingizi, kiini kilikuwa kimevimba ndani ya chumba kisichoweza kutanuka. Na asubuhi niliyoshangilia, kiini kilikuwa kimekufa na bakteria walikuwa na njia wazi hadi kwenye ncha ya mzizi.

Miezi mitano baadaye shavu lilivimba, taya likakaza, nikawa siwezi kufungua kinywa zaidi ya upana wa vidole viwili, na homa ikanishika. Daktari aliyenipokea hakulitazama jino kwanza. Alinibonyeza taratibu chini ya kidevu na pembeni mwa shingo, akaniambia niinue ulimi, akaniuliza kama ninameza mate bila shida. Alitaka kujua kama uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya ulimi na kuelekea shingoni, mahali ambapo unaweza kuziba njia ya hewa na kumwua mtu. Haukuwa umefika huko. Usaha ulitolewa, nikapewa dawa, jino likang'olewa. Tundu ambalo lingezibwa kwa kikao kimoja kifupi mwaka mmoja kabla lilinigharimu jino zima, siku sita za kazi, na baadaye likaniachia kero nyingine: gego la nyuma likaanza kuinamia pengo, na lile la juu, lililokuwa limekosa mwenzake wa kukutana naye, likateremka polepole. Pamoja na hayo yote, nilitoka pale nikiwa na imani ile ile, kwamba jino likiuma utakwenda, na lisipouma una mambo mengine ya kufanya.

Kilichonipeleka kwa daktari wa meno bila maumivu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kilikuwa aibu. Mke wangu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kusubiri muda mrefu, aliniambia kwamba kinywa changu kinanuka, na kwamba si jambo la asubuhi tu. Nilinyamaza. Kisha nikafanya kile ambacho nadhani wengi hukifanya: nilinunua dawa ya kusukutulia yenye harufu kali, nikaitumia asubuhi, mchana na jioni kwa wiki tatu, sawa na mtu anayefukiza udi katika chumba chenye panya aliyekufa chini ya kabati. Harufu ilikuwa ikiondoka kwa nusu saa na kurudi. Wakati huo huo niligundua kwamba jino moja la chini mbele lilikuwa likicheza nikilisukuma kwa ulimi. Halikuuma hata kidogo. Nililisukuma mara nyingi sana wiki ile, nikitumaini kila mara kwamba nilikuwa nimekosea.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye maneno machache. Baada ya kutazama kwa kioo kidogo alichukua kijiti chembamba cha chuma, chenye alama za milimita kama rula, akamwambia msaidizi wake aandike. Kisha akaanza kukiingiza pole pole kati ya ufizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, akisoma tarakimu kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Tatu, mbili, tatu. Tatu, tatu, nne." Nilikuwa nimelala chali, taa imenimulika usoni, nikisikiliza kama mtu anayesomewa orodha ya vitu vya jirani. Sikujua tarakimu zile zilikuwa na maana gani, lakini nilitambua kwamba zilikuwa zikikua kadiri alivyokwenda nyuma. "Nne, tano, sita. Sita, tano, saba." Msaidizi aliinua macho kidogo aliposikia saba. Nilihisi ladha ya chuma ulimini, na nilipopewa kikombe cha maji nisukutue, nikatema wekundu ule ule niliouzoea, ila safari hii watu wawili walikuwa wakiutazama pamoja nami.

Aliniketisha, akanieleza. Ufizi wenye afya huliacha jino na ufa mdogo tu pembeni mwake, wa milimita moja hadi tatu. Kuanzia nne na kuendelea, ufa huo umekuwa kifuko, na ndani ya kifuko bakteria huishi mahali ambapo mswaki haufiki. Maana ya tarakimu sita na saba ni kwamba mfupa unaoshikilia jino ulikuwa umekwisha kuliwa. Alinionyesha picha ya eksirei: mfupa, ambao ungepaswa kupanda karibu na shingo ya jino, ulikuwa umeshuka hadi nusu ya mzizi kwenye magego mawili. Nilimwuliza kama utarudi. Akasema kwamba kazi yake ni kuuzuia usiendelee kushuka, na kwamba kwa sehemu kubwa mfupa uliokwenda umekwenda.

Methali ya ufa na ukuta nimeisikia tangu utotoni, na siku ile nilitaka kujilaumu kwayo, lakini haikunifaa. Mtu anayeuacha ufa ameuona. Ugonjwa wa fizi huchukua mfupa miaka kumi na tano bila kumnyima mtu usingizi hata usiku mmoja, na dalili yake kuu ya mapema ni ile damu ninayoisema, ambayo kila mtu ana maelezo yake tayari. Daktari aliniuliza kama ninavuta sigara, nikasema hapana, akaniambia kwamba nina bahati katika hilo, kwa sababu tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji zinaweza kuoza kimyakimya bila hata kutoa damu ya kumwonya.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu kile kitu tunachokiita ukoga, ule utando laini unaouhisi kwa ulimi ukiamka. Nilikuwa nikidhani ni mabaki ya chakula. Kumbe ni maskani ya viumbe hai. Mwaka 1683, Mholanzi mmoja mfanyabiashara wa nguo, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua kitu cheupe katikati ya meno yake mwenyewe, akakitazama kwa lenzi alizozisaga kwa mikono yake, akawaandikia wanasayansi wa London kwamba ameona wadudu wadogo wakijongea humo. Aliona bakteria kabla ya dunia kuwa na jina la kuwaita. Ukoga usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga, mgumu kama saruji, na ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua hadi mkono uchoke. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu anayepiga mswaki kila siku, kama mimi, bado anahitaji kwenda kusafishwa na mtaalamu: sehemu ulizozikosa mwezi huu, mwezi ujao hazimo tena katika uwezo wako.

Kuna jaribio moja ambalo limenikaa akilini kuliko mengine. Mwaka 1965, huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku kumi hadi ishirini na moja, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Jaribio hilo hunifariji na kunichoma kwa pamoja. Katika hatua ile ya mwanzo, kabla mfupa haujaguswa, ugonjwa huu hurudi nyuma kwa wiki moja ya juhudi, nami niliiacha hatua hiyo ipite nikiwa na miaka thelathini na kitu, huku nikilaumu ugumu wa mswaki.

Nilikuwa nimekwisha kusimama kuaga siku ile ya kwanza daktari aliponiuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu wa meno: "Sukari umepima lini mara ya mwisho?" Sikukumbuka kuwa nimewahi kupima. Akaniuliza kama ninaamka usiku kwenda haja ndogo. Nilikuwa nikiamka mara mbili, wakati mwingine tatu, na hilo pia nilikuwa na maelezo yake, kwamba umri unasogea. Akaniandikia barua. Siku mbili baadaye, nikiwa sijala tangu jioni iliyotangulia, kipimo kilisoma milimoli 11 kwa lita moja ya damu, na kuanzia 7 kwenda juu mtu huhesabiwa kuwa na kisukari. Kipimo kingine, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilisoma asilimia 9.1, wakati mpaka wa ugonjwa ni 6.5. Kwa hiyo ugonjwa wangu wa sukari haukugunduliwa kwa kiu wala kwa kukonda. Uligunduliwa kwenye fizi.

Daktari wa sukari na daktari wa meno walinieleza jambo moja kwa maneno tofauti, na nimechukua muda kulielewa. Sukari ikiwa juu, mishipa midogo ya damu huharibika, chembe za kinga huzubaa, na fizi hushindwa kujitetea. Ndiyo maana mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupoteza mfupa wa taya upesi kuliko wengine. Lakini njia hiyo ina pande mbili. Ukiyajumlisha majeraha yote yaliyofichwa katika vifuko vya kinywa kizima, unapata kidonda chenye eneo ambalo lingekutisha kama lingekuwa mkononi, na kidonda hicho humwaga katika damu kemikali za uvimbe zinazoufanya mwili usiisikie insulini, homoni inayoshusha sukari. Sukari huharibu fizi, nazo fizi huisukuma sukari juu. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba kutibu fizi za mwenye kisukari hushusha kipimo kile cha wastani kwa kiasi kinachokaribia nusu ya asilimia moja baada ya miezi mitatu minne. Kiasi hicho ni kidogo kikisomwa juu juu, ila mtu anayepigania kila nukta ya asilimia kwa vidonge na kwa miguu hawezi kukidharau.

Matibabu yenyewe yalichukua vikao vinne, robo ya kinywa kwa kila kikao. Sindano ya ganzi ndiyo niliyoiogopa, nayo ilikwisha kabla sijamaliza kuiogopa. Baada ya hapo kilikuja kifaa kinachotetemeka kwa kasi huku kikinyunyiza maji, na sauti yake hupita kwenye fuvu kama nyuki aliyefungiwa kichwani. Katika kikao cha pili niliomba nionyeshwe kilichotoka. Msaidizi alinisogezea chombo cha chuma: juu ya pamba palikuwa na vipande vya rangi ya kahawia iliyoiva, kimoja kikubwa kama punje ya mchele, upande mmoja laini kwa kuwa kilikuwa kimejibana kwenye mzizi, upande mwingine wenye mikwaruzo kama jiwe la matumbawe. Nilikigusa. Kilikuwa kigumu kweli kweli. Nilikuwa nimetembea nacho kwa miaka isiyopungua mitano, nikizungumza na watu, nikicheka.

Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa hali ya wiki zilizofuata. Uvimbe ulipopungua, fizi zilijivuta chini, meno yakaonekana marefu na yenye nafasi kati yake, na maji baridi yakawa yanauma mahali ambapo mizizi ilikuwa imebaki wazi. Nilidhani nimeharibiwa meno, na kwa siku mbili nilimkasirikia daktari. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiona kwa mara ya kwanza hasara iliyokuwa imefunikwa na uvimbe. Ningependa kila anayepitia tiba hii aambiwe mapema, kwa maana najua wapo wanaokatisha vikao hapo na kuwaeleza wenzao kwamba kusafishwa meno hulegeza meno.

Somo gumu zaidi lilikuwa la kupiga mswaki, jambo nililodhani nalijua. Kabla ya kikao cha nne nilipewa kidonge cha rangi nikitafune, nikasukutua, nikaambiwa nijitazame. Nilikuwa nimepiga mswaki saa moja kabla, kwa bidii, kwa kuwa nilijua ninakwenda kukaguliwa. Kwenye kioo, meno ya mbele yalikuwa meupe, lakini kando ya fizi kulikuwa na mstari wa zambarau kama nakshi ya pindo la kanga, na upande wa ndani wa meno ya chini, ule unaotazamana na ulimi, ulikuwa zambarau mtupu. Miaka arobaini na ushei ya mswaki, na sikuwa nimewahi kuufikia upande ule. Daktari alinishika mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika herufi: nywele za mswaki zilale mshazari kwa nyuzi kama 45 zikigusa ufizi, mkono uende kwa misogeo mifupi bila nguvu, dakika mbili nzima, mara mbili kwa siku, na katikati ya meno nitumie uzi au vijiswaki vidogo. Dawa ya meno iwe na floraidi, na nikimaliza niteme povu tu bila kusukutua kwa maji, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Hilo la mwisho lilinishinda kwa majuma mengi, maana mkono ulikuwa ukienda kwenye kikombe wenyewe.

Alinibadilisha pia tabia moja ya mezani pangu kazini. Nilikuwa na desturi ya kuwa na kinywaji chenye sukari kando yangu, nikinywa funda moja kila baada ya dakika chache kuanzia asubuhi hadi jioni, nikijisifu kwamba sinywi kingi. Alinieleza kwamba jino huhesabu mara, halihesabu kiasi. Kila funda huanzisha shambulio la asidi, na mate huhitaji nusu saa hadi saa moja kulituliza na kurudisha madini kwenye enameli. Mtu anayenywa funda kila baada ya dakika ishirini hayapi mate yake nafasi hata moja tangu afike kazini. Ningekunywa chote kwa mkupuo mmoja, meno yangeumia kidogo kuliko hivyo. Kwa mtu mwenye sukari jibu, bila shaka, lilikuwa kukiacha kabisa.

Napenda kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu nimekutana na watu wanaodai kwamba mswaki huzuia kila ugonjwa hadi wa moyo. Ni kweli kwamba wenye ugonjwa mkubwa wa fizi huonekana kupata maradhi ya moyo zaidi, lakini watu hao mara nyingi huwa pia na kisukari, au wanavuta sigara, na kuthibitisha kwamba fizi zenyewe ndizo chanzo ni kazi ambayo haijamalizika. Ninachoweza kukisema bila wasiwasi ni kwamba bakteria wa kinywani huweza kuingia katika damu, na kwa mtu mwenye hitilafu fulani za vali za moyo, au mwenye vali bandia, wanaweza kujenga makazi hapo na kuleta ugonjwa wa kuua. Mtu wa namna hiyo anapaswa kumwambia daktari wa meno kabla hajafungua kinywa. Vilevile si kweli kwamba kila mmoja lazima aonwe kila baada ya miezi sita. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2004 na NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu mtu mzima aitwe kati ya miezi 3 na 24 kulingana na hatari aliyonayo. Binti yangu, mwenye meno mazima, huonwa mara moja kwa mwaka. Mimi nimepangiwa miezi minne, wala sibishani.

Mama sasa ana miaka 79. Anakunywa vidonge vya shinikizo la damu na vingine viwili, na kama ilivyo kwa dawa nyingi, humkausha kinywa. Mate yakipungua, meno machache yaliyobaki hupoteza mlinzi wao. Katika mwaka mmoja alipata nimonia mara mbili. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alituuliza nani humsafisha kinywa, na sote watoto tukatazamana. Alitufahamisha kwamba mzee aliyedhoofika huvuta mate yake kidogo kidogo kuelekea kwenye mapafu akiwa usingizini, na kama kinywa kimejaa bakteria, bakteria hao huenda pamoja na mate. Meno ya bandia aliyokuwa akilala nayo yalikuwa na ukoga mzito wa kuteleza. Tangu hapo hulala nje ya kinywa, yakiwa yamesuguliwa na kuwekwa katika maji safi, na jioni ninapokuwa kwake mimi ndiye ninayempigia mswaki. Huketi kwenye kiti cha chini, nami nikasimama nyuma yake, kichwa chake nimekiegemeza tumboni mwangu, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyoona upande wa ndani. Siku za mwanzo alibana midomo.

"Jino haliumi, mwanangu," aliniambia.

"Najua, mama. Fungua tu kidogo."

Alifungua, akinitazama juu kwa macho ya mtu anayemvumilia mtoto mwenye upuuzi. Hajapata nimonia tena tangu mwaka jana, ingawa sitasema ni kwa sababu ya mswaki peke yake. Alichanjwa pia, na chumba chake kimebadilishwa.

Jino langu la mbele halikung'olewa. Linacheza kidogo bado, na limefungwa kwa nyuma na wenzake kwa uzi mwembamba ambao hauonekani. Kipimo changu cha sukari kimeshuka kutoka 9.1 hadi 7.2, kwa vidonge, kwa kutembea, na kwa sehemu ambayo siwezi kuikata peke yake na kuipima, kwa fizi. Mwezi uliopita nililala tena chini ya taa ile, na msaidizi akachukua kalamu. Safari hii nilikuwa nikizifuata tarakimu moja baada ya nyingine. "Tatu, mbili, tatu. Mbili, mbili, tatu." Alipofika nyuma juu kushoto, mahali palipokuwa na saba, alisita, akapima mara mbili. "Nne, tatu, tano." Nilihesabu vidole chini ya kitambaa. Tano moja. Alinisafisha pale, akanipa kikombe nisukutue, nami nikatema na kutazama: maji yalikuwa meupe, isipokuwa uzi mmoja mwembamba mwekundu, nao akauona pia.